Nilichomsomea Nyanzala

Cheyo, Tabora
Jumatano, saa kumi jioni

Mwanangu Yohana,

Sikuulizi hali, maana mchana tumekula sahani moja na hali yako naijua. Umetoka kwenda kunyoa nywele na kuwaaga wenzako wa kwaya, nami nimepata saa moja au mbili za kukaa peke yangu na kalamu. Kesho alfajiri basi la Kigoma linakuchukua. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutomwazima simu mtu usiyemjua, nimekwisha kuyasema mpaka umeanza kuitikia kabla sijamaliza. Hayo nayaacha.

Nakuandikia kwa sababu ya swali uliloniuliza Jumapili. Ulikuwa unanionyesha ule mkataba wako wa miezi minane wa kufunga umeme kwenye majengo mapya, ukanisimulia habari za kijana mliyesoma naye chuo cha ufundi. Kazi yake ya kwanza ilipoisha, mwajiri alimzungusha na malipo ya mwisho, njoo kesho, njoo wiki ijayo, hadi akachoka akarudi kwao. Ukaniuliza, "Mama, ikinitokea mimi nifanyeje?" Nikakujibu kwamba Mungu hamwachi mdhulumiwa, kisha nikainuka kwenda kutazama maharage ambayo wala hayakuwa yanaungua.

Lile halikuwa jibu, lilikuwa kukukimbia tu. Jibu lenyewe nalijua kuliko watu wengi wa mtaa huu, na nimelijua kwa njia mbaya. Siwezi kukupa jibu nikaificha njia. Kwa hiyo nakuandikia vyote viwili, na ukishavisoma utaniona utakavyoniona.

Unakumbuka nilifanya kazi kwenye kile kiwanda kidogo cha asali. Ulikuwa mdogo, ulikuwa unapenda nikirudi na masega kwenye kifuko. Asali ilikuwa inatoka Sikonge, kwenye ndoo, nyingine kwa lori na nyingine zimefungwa nyuma ya baiskeli. Kazi yetu ilikuwa kuikamua, kuichuja, kuiweka kwenye chupa na kubandika lebo. Tulikuwa wanawake tisa. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Niliandika daftari la mahudhurio, niliita majina asubuhi, nilipeleka malalamiko kwa bosi na nilirudi na majibu yake. Bosi wetu alikuwa mtu wa mbali. Sitamtaja, si kwa kumwogopa, ila kwa sababu barua hii si ya kumsema yeye.

Katika wale tisa kuna wawili unaotakiwa kuwajua. Wa kwanza ni Nyanzala, wa Kwihara. Amenizidi miaka kama kumi, nami nilikuwa namwamkia kila asubuhi. Alikuwa anatoka kwao kwa miguu kukiwa bado na kiza na kufika kabla yetu. Hakusoma. Baba yake alimwambia ng'ombe hawajichungi, basi yakaishia hapo. Lakini akichovya kijiti kwenye ndoo ya asali akakionja, alikuwa anakwambia kama imetiwa maji au imechemshwa, na hakuwahi kukosea. Baba yako alipofariki, Nyanzala alikaa kwetu matanga yote, analala sakafuni na wengine, anateka maji. Wewe ulikuwa darasa la nne. Ndiye aliyekufunga kamba za viatu siku ya maziko.

Wa pili ni Zuwena, msichana wa hapa mjini, wa zile familia zenye asili ya Uarabuni zenye maduka ya tangu zamani. Alikuwa mdogo kwetu sote. Alilelewa kwenye duka la ami yake, na kwa hiyo karatasi haikumtisha.

Mwaka uliochaguliwa kuingia ile shule ya bweni ya misheni, mambo ya kiwanda yalianza kwenda kombo. Asali ilikuja kidogo. Mashine moja ikaharibika, haikutengenezwa. Mishahara ikaanza kuchelewa siku tatu, kisha wiki. Mwisho, Jumatatu moja asubuhi, bosi akatutangazia kwamba anafunga, kwamba siku hiyo ndiyo ya mwisho, na kwamba kila mtu atalipwa haki zake kabla ya kutawanyika. Tulikuwa tunadai mshahara wa mwezi, malipo ya likizo ambazo hatukuwahi kwenda, na notisi, kwa sababu kutuambia leo tuondoke leo haikuwa sheria.

Jumatatu hiyo mchana akaniita ofisini. Juu ya meza kulikuwa na bahasha yenye jina langu na kando yake rundo la karatasi zilizochapwa. Akaniambia bahasha ni yangu, imekamilika, nihesabu. Nikahesabu. Ilikuwa kamili. Kisha akanisogezea zile karatasi. Kila moja ilikuwa na jina la mmoja wetu, na chini yake maneno ambayo hata leo nikifumba macho nayaona: kwamba mimi fulani nimepokea stahiki zangu zote na sina madai yoyote kwa mwajiri. Mahali pa sahihi. Mahali pa shahidi.

Nikamuuliza fedha za wenzangu ziko wapi. Akasema zinakuja Ijumaa, ila wakaguzi wake wanataka karatasi mapema. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekufanyia wema, "Mama Yohana, wewe wanakuamini. Wasainishe leo. Ukishindwa, hata hiyo bahasha itabidi isubiri Ijumaa pamoja na zao."

Nataka nikwambie kwamba nilidanganywa. Nimejaribu miaka mingi kujiambia hivyo. Lakini asubuhi ileile nilikuwa nimepita nyuma ya kiwanda nikaona mafundi wanafungua mashine ya kujazia chupa na kuiviringisha kwenye maturubai, na dereva wa lori akaniambia wanapakia Alhamisi. Mtu anayepakia mashine Alhamisi halipi watu Ijumaa. Nilijua, Yohana. Nilisimama pale nikiwa najua, nikaiweka bahasha ndani ya blauzi, nikachukua rundo la karatasi.

Shule yako ilikuwa inafunguliwa baada ya wiki mbili. Tulikuwa hatuna tranka, hatuna godoro, nusu ya ada haijalipwa. Hii nakutajia kwa kuwa ni kweli, si kwa kuwa inanitetea. Wale wenzangu nao walikuwa na watoto. Sikuwa mjane peke yangu pale.

Nikawakusanya kwenye kivuli cha ghala. Nikawaambia bosi anataka sahihi leo, malipo Ijumaa. Sita kati yao walisoma wenyewe, wakaguna, wakaniangalia. Mmoja akauliza mbona karatasi inasema tumeshapokea. Nikamwambia ni utaratibu wa ofisi, Ijumaa si mbali. Wakasaini. Hawakumwamini bosi, waliniamini mimi.

Zuwena aliisoma yake mara mbili, akairudisha mkononi mwangu. Akasema bila hasira, "Mimi nikishazishika hela, nitasaini hapohapo. Kabla ya hapo, hapana." Nikamwambia atajichelewesha. Akasema afadhali achelewe.

Nyanzala alikuwa anaosha ndoo. Akaja anajifuta mikono kwenye kitenge, akachukua karatasi, akanirudishia. "Nisomee," akasema.

Ningeweza kumsomea. Ilikuwa mistari minne. Nilitazama karatasi ile, macho yangu yakifuata mstari kama mtu anayesoma kweli, nikamwambia, "Inasema wewe Nyanzala jina lako limeandikwa kwenye orodha ya watu watakaolipwa Ijumaa. Weka dole gumba hapa." Akaweka. Wino ulipobaki kidoleni, akajipangusa kwenye ndoo, akasema ahsante.

Alisema ahsante, mwanangu. Katika yote, hilo ndilo linaloniamsha.

Alhamisi walipakia. Ijumaa tulikuta kufuli getini, na simu ya bosi haipatikani. Nilikwenda pamoja nao, nikashangaa pamoja nao, nikalalamika kwa sauti kubwa kuliko wote. Bahasha yangu ilikuwa tayari imekuwa godoro na tranka na stakabadhi ya ada.

Sasa sikiliza alichofanya Zuwena, maana hapa ndipo lilipo jibu la swali lako. Hakulia, na hakupiga kelele getini. Alikwenda nyumbani akaandika barua ya madai. Akaeleza alianza kazi lini, alikuwa analipwa kiasi gani, aliachishwa siku gani, na anadai nini na nini. Akatoa nakala mbili. Moja aliituma kwa rejista kwenye anwani ya kampuni iliyokuwa kwenye lebo za chupa, akatunza risiti ya posta. Nyingine akabaki nayo. Miezi ya nyuma, bila kumwambia mtu, alikuwa akipiga picha kurasa za daftari la mahudhurio, daftari langu mimi, na jumbe za simu za mishahara aliyowahi kutumiwa hakufuta hata moja. Mkataba wa maandishi hatukuwahi kupewa, ila tulikuja kujua kwamba kuweka maandishi ni kazi ya mwajiri, na asipokuwa nayo mzigo wa kueleza mliagana nini unamwangukia yeye.

Kisha akahesabu siku. Hili lishike. Ipo tume ya usuluhishi inayosikiliza migogoro ya kazi, na milango yake haibaki wazi milele. Kama unalalamikia kuachishwa kazi kwenyewe, una siku thelathini. Kama ni madai mengine kama mshahara, una siku sitini. Ukipitisha, unaanza kwanza kuomba usamehewe kwa kuchelewa, na unatakiwa uwe na sababu. Wale wanaokwambia njoo kesho, njoo wiki ijayo, wengine wanajua hesabu hiyo vizuri sana. Rafiki yako wa chuoni alichoka wakati siku zinakwenda. Usichoke. Zuwena alikwenda ndani ya wiki ya tatu, akajaza fomu, akaipelekea kampuni nakala, akaitwa. Kikao cha kwanza kampuni haikutokea. Kikao cha pili alikuja mtu kutoka kwao. Zuwena akatandaza vyake mezani. Hakuwa na wakili. Walimlipa.

Habari ikafika kwa wengine. Wale sita wakasema wao wamesaini kwa mikono yao, watasema nini, wakaacha. Hapo waliona aibu ambayo haikuwa yao. Nyanzala peke yake ndiye aliyesema yeye hakusaini kwamba amelipwa, aliweka dole kwenye orodha ya Ijumaa. Zuwena akamsindikiza, siku zikiwa zimebaki chache. Kampuni ikatoa ile karatasi yenye dole lake na jina langu mahali pa shahidi. Usuluhishi ukashindikana, shauri likapelekwa hatua ya uamuzi, ambako mashahidi husikilizwa.

Jioni moja Nyanzala akaja hapa nyumbani. Wewe ulikuwa bweni. Nilimwamkia, akaitikia, nikampa maji, akayanywa yote. Alikaa kwenye kile kigoda cha jikoni, alikataa kiti. Hakunilaumu. Nadhani mpaka siku ile alikuwa anaamini bosi alibadilisha karatasi, na mimi nami nilidanganywa.

"Mama Yohana," akasema, "tarehe wamenipa. Wewe njoo uwaambie ulichonisomea. Sitaki useme kingine."

Nikamwambia nitakuja. Nikamshika mkono nikamwambia, dada, nitakuja.

Siku mbili baadaye bosi akanipigia kwa namba nisiyoijua. Hakunitisha sana, hakuhitaji. Aliniuliza tu kama nakumbuka kwamba niliandika jina langu kama shahidi, na kama najua mtu anayeshuhudia uongo anaitwaje. Lakini tangu nianze kufanya kazi karibu na watu wa sheria nimejifunza kwamba ningesema kweli ningesikilizwa. Kilichonishika hakikuwa kesi. Niliogopa uso wa Nyanzala akinisikia nikisema, "Nilijua." Niliogopa watu wa kanisani. Niliogopa likizo utakaporudi, usikie mtaani fedha ya ada yako ilitoka wapi.

Alfajiri ya siku ya shauri nilipanda gari la kwenda Sikonge kwa mjomba wako. Nilimwambia nimekuja kuangalia mizinga. Nilikaa siku nne. Sikuangalia mzinga hata mmoja.

Nyanzala alishindwa. Dole lilikuwa lake, shahidi hakuja, na mtu wa tume aliamua kwa kile alichokuwa nacho.

Kwa muda mrefu nilifikiri madhara ni ile fedha tu. Nilikuwa sijui nusu. Siku ya uamuzi Nyanzala alikwenda na mumewe, Mzee Masanja. Mzee Masanja anasoma, alipata darasa la saba. Walimpa ile karatasi akaiona kwa macho yake: mke wake amepokea stahiki zote. Akatoka pale na wazo moja kichwani, kwamba Nyanzala alilipwa na fedha amewapa kaka zake. Hakumpiga, hakumfukuza. Alinyamaza. Akahamishia kitanda chake chumba cha mbele, akaanza kufungia fedha ya mavuno kwenye sanduku lenye ufunguo, na mke akitaka chumvi anaomba. Watu wazima wale, waliozaa watoto sita pamoja. Nilikuja kusikia hayo sokoni, kwa mwanamke aliyekuwa anayasimulia kama kichekesho.

Na hata nilipoyasikia, sikwenda. Miaka ikapita. Wewe ukafika kidato cha pili, cha tatu. Kila ripoti uliyoleta nilifurahi, kisha furaha ikanigeuka.

Unajua kwamba baadaye nilipata kazi kwenye lile duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na mahakama. Hujui jinsi ilivyonikalia. Kila wiki wanaingia watu na karatasi: wafanyakazi wa majumbani, walinzi, vibarua wa tumbaku. Wananiambia, "Mama, nisomee hapa." Sitaki kusema Mungu aliniweka pale makusudi, lakini sijawahi kupata pahali pagumu zaidi pa kukaa. Siku moja akaja mzee mmoja mlinzi, kofia mkononi, na barua yake ya kuachishwa kazi. Nikamsomea. Nilipomaliza akasema, "Soma tena, binti, polepole, maana mimi macho yangu ni wewe." Sikuweza kusoma tena. Nilimwita mwenzangu amalizie, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kwihara. Ilikuwa mwaka wa tano tangu kiwanda kifungwe, ndiyo juzi tu, miaka miwili iliyopita. Nilikuwa nimeweka akiba kidogo kidogo, nikafikisha kile ambacho Nyanzala alikuwa anadai. Nilichukua bodaboda mpaka njia panda, nikashuka, nikatembea kipande kilichobaki, maana sikutaka kufika haraka.

Nilimkuta anapukuchua mahindi uani. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba, akanitazama, akaendelea kupukuchua. Nikapiga magoti. Nikamwambia yote: bahasha, mashine zilizofungwa kwenye maturubai, nilichomsomea na kilichoandikwa, na Sikonge. Nilisema vibaya, nikirudia rudia, nikilia mahali ambapo sikustahili kulia. Kisha nikatoa fedha.

"Weka hapo," akasema, akionyesha ungo. Hakuzihesabu. Mikono yake ikatulia juu ya gunzi. "Hela umeileta. Na jina langu, utalileta lini?"

Akainuka, akajikung'uta makapi, akamwita mumewe.

Mzee Masanja akatoka na kigoda chake, akakaa mbali kidogo na mke wake, kama alivyozoea miaka hiyo. Nikamwamkia, nikarudia yote mbele yake. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akaniuliza, "Ulimwambia karatasi inasema nini?" Nikamwambia. Akaniuliza, "Na kweli ilisema nini?" Nikamwambia.

Kuku walikuja kwenye mahindi na hakuna aliyewafukuza. Halafu akasema, akiniambia mimi lakini hanitazami, "Aliniambia hivyohivyo. Neno kwa neno, siku ileile tulipotoka pale. Mimi nikamwambia karatasi haisemi uongo."

Nyanzala akanigeukia. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na kitu kingine ambacho sikuwa na haki ya kukitazama.

"Mama Yohana, sasa nenda," akasema. "Yaliyobaki ni yetu wawili."

Nikaenda. Sikusamehewa, nami sikuomba mara ya pili. Nikikutana naye sokoni namwamkia, ananiitikia, tunapishana. Nimesikia kwamba siku hizi wanalima shamba moja tena. Sijui zaidi, na si haki yangu kujua.

Sasa swali lako. Mwajiri akikunyima malipo ya mwisho, fanya kama Zuwena, usifanye kama mimi nilivyokwambia Jumapili. Anza kutunza siku ya kwanza, si siku ya mwisho. Mkataba wako uupige picha, na kila ujumbe wa mshahara uuache kwenye simu. Dai kwa maandishi na ubaki na nakala. Usisaini kwamba umepokea kitu ambacho hakiko mkononi mwako, hata akikuomba mtu unayempenda, hata akikuomba mtu kama mama yako. Hesabu siku. Na usione haya. Mtu anayedai jasho lake haombi. Wale sita walinyamaza kwa haya, na kunyamaza kwao kulimfaa bosi kuliko kufuli lake.

Hayo ni ya kukunyima wewe. Lakini umesoma, una mkono mzuri, na una sauti ambayo watu huiamini. Baada ya mwaka mmoja au miwili watakufanya kiongozi wa kikundi cha mafundi. Nafahamu hivyo kama ninavyofahamu mimi ni nani. Siku moja utaitwa ofisini na kukuta chako kimekamilika na cha wenzako hakipo. Hapo sina la kukufundisha, maana mimi nilishindwa. Naweza tu kukwambia kwamba yale utakayoyanunua kwa bahasha ile yatakwisha. Lile godoro lilioza zamani, panya wakalitoboa, tukalitupa.

Na wewe usijione mwenye deni kwa sababu ulisoma kwa fedha ile. Ulikuwa mtoto. Hukujua. Ni langu peke yangu, naomba usilibebe. Ukimwona Nyanzala siku moja, mwamkie kama ulivyomwamkia siku zote. Usimwombee msamaha kwa niaba yangu.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii kati ya nguo zako, uikute ukifika, mimi nikiwa mbali. Nimeifikiria tena, na naona hiyo ni Sikonge nyingine. Kwa hiyo ukirudi kunyoa nitakupa mkononi. Isome chumbani kwako. Sitaondoka nyumbani, nitakuwa jikoni. Ukimaliza njoo useme lililo moyoni, hata likiwa kali, nitalisikiliza nikikutazama. Na kama hutakuwa na neno leo, njoo tu tule. Nimepika wali na kuku.

Ni mimi,
Mama yako